Kilio Kilichosikika Kutoka Copenhagen

Hebu tuanze jikoni. Mama mmoja anaongea na mumewe kwa simu. Binti yao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 19, hajarudi nyumbani tangu mwisho wa juma, na baba ametoka kwenda kumtafuta. Baba anafika mahali ambapo polisi wamezuia njia, na gari limevutwa kutoka majini. Simu haijakatwa. Mama anasikia mumewe akibishana na polisi, kisha anasikia kilio chake, naye anajua kilichotokea kabla ya mtu yeyote kumwambia neno.

Hayo hayakutukia kweli. Ni kipande cha sehemu ya kwanza ya Forbrydelsen, maana yake "Uhalifu", tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa nchini Denmaki Januari 2007. Hata hivyo mzazi yeyote akikitazama kipande hicho huona baridi mwilini, awe wa Copenhagen au wa Morogoro. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hauhitaji mkalimani.

Sisi tunaamini kwamba hapo ndipo ilipo siri ya tamthilia za upelelezi za Kaskazini mwa Ulaya, ambazo kwa muda wa miaka ishirini hivi zimeigwa katika nchi nyingi za dunia. Siku hizi zinaingia hata kwenye simu za watoto wetu. Kwa hiyo inafaa akina mama tuzijue: zilitoka wapi, zina nini ndani yake, na tuzipokee vipi nyumbani.

Nchi tulivu, hadithi za giza

Nchi zenyewe ni tano: Denmaki, Uswidi, Norwei, Ufini na Aislandi. Wasomaji wetu wa Tanzania wanazifahamu zile nne za kwanza kwa kituo cha Kibaha, chenye shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, ambacho zilisaidia kukianzisha mwaka 1963. Ni nchi tajiri, zenye watu wachache, na zina sifa ya kuwatunza wananchi wake tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Denmaki ina watu milioni 6 hivi, si wengi sana kuliko wakazi milioni 5.4 waliohesabiwa mkoani Dar es Salaam mwaka 2022. Aislandi ina watu wapatao laki nne tu, na mauaji huko huwa machache mno kwa mwaka.

Lakini majira yao ya baridi ni marefu. Mwishoni mwa Desemba mjini Copenhagen jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Mvua, theluji na giza hilo ndiyo mandhari ya tamthilia tunazozungumzia. Wahakiki wanaoandika kwa Kiingereza wamezipa jina la Nordic noir, wakichukua neno la Kifaransa lenye maana ya "nyeusi". Weusi huo si wa anga peke yake. Ni wa siri zinazofichwa ndani ya nyumba zenye mapazia safi, katika nchi ambazo kila mtu hudhani hazina shida.

Waandishi waliosubiri watoto walale

Mti huu ulipandwa kwanza vitabuni. Kati ya mwaka 1965 na 1975 waandishi wawili wa Uswidi, Maj Sjöwall na mwenzake Per Wahlöö, walitunga hadithi 10 za mpelelezi aitwaye Martin Beck. Walikuwa wazazi wenye watoto wadogo. Jioni waliwalaza watoto kwanza, ndipo wakakaa mezani kuandika, kila mmoja akiwa na sura yake, mpaka usiku wa manane. Akina mama wanaosubiri nyumba inyamaze ndipo washike kazi zao wanaijua hali hiyo.

Wawili hao walitafsiri pia kwa Kiswidi hadithi za polisi za Mmarekani Ed McBain, na katika vitabu vyao upelelezi ni kazi ya kikosi, si ya shujaa mmoja. Martin Beck wao hakuwa hodari wa bastola. Alikuwa mtu mchovu, mwenye matatizo ya tumbo na ndoa iliyopoa. Na kila uhalifu aliouchunguza ulifunua jambo lililooza katika jamii yenyewe. Per Wahlöö alifariki mwaka 1975, na Maj Sjöwall akafuata mwaka 2020, lakini karibu wote walioandika baada yao katika nchi hizo wamepita njia waliyoifyeka.

Kisha likatokea jambo la kweli lililowatikisa Waswidi. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986, Waziri Mkuu wao Olof Palme, ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alipigwa risasi barabarani mjini Stockholm. Alikuwa akitembea na mkewe kutoka sinema, bila mlinzi. Mtu mmoja alihukumiwa mwaka 1989, akaachiliwa kwa rufaa mwaka huo huo. Mwaka 2020 uchunguzi ulifungwa bila mtu mwingine kufikishwa mahakamani. Taifa lililojiona salama lilibaki na swali lisilojibiwa.

Katika hali hiyo akatokea Henning Mankell. Mwaka 1991 alitoa hadithi ya kwanza ya mpelelezi Kurt Wallander wa mji mdogo wa Ystad. Wazee wawili, mume na mke, wanavamiwa shambani kwao, na mama kabla ya kukata roho anatamka neno linaloashiria wageni. Neno hilo moja linatosha kuwasha chuki dhidi ya wakimbizi. Mankell alikuwa akilijua bara letu: kwa miaka mingi aliishi sehemu ya kila mwaka Maputo, nchini Msumbiji, akiongoza maigizo katika Teatro Avenida. Alifika pia Uganda, akakaa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, ili mama akifa mtoto ajue ametoka wapi na alipendwa na nani. Mapema miaka ya 2000 aliandika kitabu juu yao. Tunalitaja hilo kwa sababu linaonyesha moyo ule ule ulio katika hadithi zake: aliyekufa asiachwe kuwa namba tu. Wallander aliingia kwenye televisheni ya Uswidi, na kuanzia mwaka 2008 Waingereza nao wakamwigiza kwa lugha yao, na Kenneth Branagh akachukua nafasi hiyo. Mankell alifariki mwaka 2015.

Televisheni ya Denmaki yaenda shule

Vitabu vilikuwa vya Uswidi zaidi, lakini televisheni iliyoupeleka mtindo huu duniani ilikuwa ya Denmaki. Shirika la utangazaji la umma la huko, DR, liliona kwamba michezo yake imepitwa na wakati. Watu wake walisafiri kwenda Marekani kutazama jinsi tamthilia ndefu zinavyotungwa na waandishi kadhaa walioketi meza moja. Waliporudi walijiwekea kanuni zao. Moja ilisema kwamba ono la mtunzi lije kwanza, na wengine wote walitumikie. Nyingine ilisema kwamba kila tamthilia ibebe mambo mawili kwa pamoja: kisa cha kumvuta mtazamaji, na chini yake swali linaloihusu jamii nzima.

Matunda hayakukawia. Rejseholdet, tamthilia ya kikosi cha polisi kinachosafiri nchi nzima kusaidia kesi ngumu, ilionyeshwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, na mwaka 2002 ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mkuu wa kikosi hicho alikuwa mwanamke. Haki isemwe kwamba Waingereza walikuwa wametangulia: tangu mwaka 1991 Helen Mirren aliigiza mkuu wa upelelezi katika Prime Suspect, akipambana na wauaji na pia na dharau za wanaume wa ofisini kwake. Watu wa Kaskazini waliazima, kisha wakalipa deni kwa riba.

Siku 20 katika nyumba moja

Sasa turudi jikoni kwa yule mama. Katika michezo mingi ya polisi tuliyozoea, maiti huonekana dakika za kwanza, na kabla ya saa moja kwisha mwuaji amekamatwa. Aliyekufa ni mlango tu wa kuingilia kwenye kitendawili. Mtunzi wa Forbrydelsen, Søren Sveistrup, alifanya kinyume. Kesi moja aliipa sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja ya mwezi wa Novemba. Alisuka nyuzi tatu: polisi wanaotafuta, wanasiasa wanaogombea umeya wa jiji, na nyumba ya marehemu Nanna.

Uzi huo wa tatu ndio uliowashika watu. Baba, Theis, ana kampuni ndogo ya kuwahamishia watu mizigo, na familia inaishi juu ya karakana yake. Mama, Pernille, ana watoto wengine wawili wa kiume ambao bado ni wadogo. Watoto hao wanataka chakula na wanauliza maswali. Mazishi lazima yapangwe na madeni lazima yalipwe. Chumba cha binti kipo pale pale. Mume na mke wanaopendana wanaanza kushindwa kuzungumza, kwa kuwa kila mmoja ameubeba msiba kwa namna yake. Na hasira inapotafuta mtu wa kumwangukia, mwalimu mwenye asili ya ugenini anashukiwa, anatekwa na kupigwa, kumbe hana hatia. Waigizaji wenyewe hawakuambiwa mwuaji ni nani. Walipata mswada kidogo kidogo, wakaishi na shaka ile ile waliyokuwa nayo watazamaji.

Kwetu sisi matanga huanuliwa, wageni huaga, sufuria za kuazima hurudishwa kwa wenyewe. Mama aliyefiwa hubaki. Forbrydelsen ilibaki naye.

Mpelelezi mwenye sweta

Upande wa polisi yupo Sarah Lund, aliyeigizwa na Sofie Gråbøl. Hadithi inapoanza, hiyo ni siku yake ya mwisho kazini Copenhagen. Anahamia Uswidi na mchumba wake pamoja na mwanawe Mark. Lakini maiti inapatikana, na safari inaahirishwa leo, kesho na keshokutwa. Hapiki, hatabasamu ili apendwe, hajipambi. Huvaa sweta lile lile la sufu lenye nakshi, lililofumwa kwa mkono katika visiwa vya Faroe.

Sweta hilo alilichagua mwigizaji mwenyewe, maana alitaka mwanamke asiyetumia urembo wake kama silaha kazini. Maombi ya kununua masweta ya aina hiyo yakawamiminikia wafumaji wa Faroe kutoka nchi za nje. Hata Camilla, ambaye sasa ni Malkia wa Uingereza, alipotembelea Copenhagen mwaka 2012 alifika mahali tamthilia ilipokuwa ikitengenezwa, akazawadiwa sweta na Gråbøl.

Lakini tusiishie kwenye sweta. Swali gumu ni la Mark. Mama yake anajua kila kitu kuhusu binti wa watu aliyekufa, ila hajui mwanawe mwenyewe anapitia nini. Wako watazamaji waliosema kwamba mchezo unamhukumu mwanamke mwenye kazi, kwa kuwa wapelelezi wa kiume wamekuwa wakizisahau familia zao kwa miaka mingi na hakuna aliyewauliza. Sisi tunaona ukweli pande zote mbili. Ni kweli baba hulaumiwa kidogo kuliko mama. Pia ni kweli mtoto anayesubiri mezani hajali anayechelewa ni baba au mama. Yeye anaona kiti kitupu.

Sveistrup aliliendeleza swali hilo katika riwaya yake iliyofanywa tamthilia ya Netflix mwaka 2021, Kastanjemanden. Humo mwuaji anawalenga akina mama waliosingiziwa au kutuhumiwa kwamba hawawatunzi watoto wao. Ni hadithi ya kutisha mno, lakini inauliza jambo la haki: kwa nini lawama zote za nyumba humwangukia mtu mmoja?

Daraja lililovuka mipaka

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mavuno. Mwezi wa Januari kituo cha BBC Four kilianza kuionyesha Forbrydelsen kwa Kidenmaki, na maandishi ya tafsiri chini ya kioo. Waingereza hawakuwa na mazoea ya kusoma televisheni, lakini safari hii walisoma, na mwaka huo huo tamthilia ikapewa tuzo ya BAFTA. Wamarekani wakaitengeneza upya kwa Kiingereza, wakaihamishia Seattle, mji wenye sifa ya mvua. Sehemu za mwaka wa kwanza zilipokwisha bila mwuaji kutajwa, watazamaji wengi walikasirika. Waturuki nao walitoa ya kwao mwaka 2014.

Mwaka huo huo wa 2011 likaja Daraja, ambalo Waswidi huliita Bron na Wadenmaki Broen. Daraja lenyewe ni la kweli. Lilifunguliwa mwaka 2000, lina urefu wa karibu kilomita 8, na pamoja na njia ya chini ya bahari linaunganisha Malmö ya Uswidi na Copenhagen. Katika tamthilia maiti inakutwa imelazwa juu ya mstari wa mpaka, na polisi wa nchi mbili wanalazimika kufanya kazi pamoja. Wa Uswidi ni Saga Norén, aliyeigizwa na Sofia Helin. Ana akili kali, ila hajui kuremba maneno wala kusoma uso wa mwenzake. Mwenzake Mdenmaki, Martin, ni mchangamfu anayependwa na watu, lakini nyumbani kwake mna nyufa.

Wazo la maiti mpakani likawa kama mbegu inayoota kila udongo. Wamarekani waliliweka kati ya El Paso na Ciudad Juárez, mji wa Meksiko ambako kwa miaka mingi wanawake wameuawa kwa kweli na familia zao kulilia haki. Waingereza na Wafaransa waliliweka katika njia ya reli iliyo chini ya bahari baina yao. Malaysia na Singapore walifanya hivyo mwaka 2018, na wako pia Warusi na Waestonia, tena Wajerumani na Waaustria. Kila nchi ilikuta kwamba ina jirani yake, na ina mambo ambayo hayajasemwa mpakani.

Wengine hawakununua hadithi, waliiga mwendo wake. Broadchurch ya Uingereza, ya mwaka 2013, inakaa na familia ya kijana wa miaka 11 aliyeuawa katika mji mdogo wa pwani ambako kila mtu anamjua mwenzake. Wales walitoa Y Gwyll mwaka huo huo. Aislandi nayo ikatoa Ófærð mwaka 2015, juu ya mji uliofungwa na theluji pamoja na mwuaji wake.

Jambo lisilo la mchezo

Kuna doa ambalo hatuwezi kulifunika. Tamthilia hizi nyingi huanza na mwili wa mwanamke, tena kijana. Je, tunamlilia, au tumegeuza mateso yake kuwa burudani ya jioni? Mwandishi wa Uswidi Stieg Larsson, aliyefariki mwaka 2004, alikiita kitabu chake cha kwanza cha upelelezi kwa jina linalomaanisha "Wanaume wanaowachukia wanawake". Kilitoka mwaka 2005. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza jina hilo liliondolewa, kikaitwa kwa mchoro ulio mwilini mwa msichana. Ukali wa jina la kwanza ulipotea njiani.

Na ukali huo ulikuwa na msingi. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitangaza matokeo ya uchunguzi uliowahoji wanawake 42,000 katika nchi 28. Katika kila wanawake 100, wastani wa 33 walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kimapenzi tangu wakiwa na miaka 15. Nchini Denmaki walikuwa 52, Ufini 47, Uswidi 46. Hizo ndizo nchi zinazosifiwa kwa usawa! Wapo wataalamu wanaosema kwamba pengine wanawake wa huko wana uhuru zaidi wa kusema, na huenda ni kweli. Lakini hata hivyo idadi hiyo inatufundisha kwamba nyumba nzuri na serikali nzuri havitoshi. Tamthilia bora za Kaskazini hazikubuni giza, zilifungua pazia.

Sebuleni mwetu

Netflix ilifika Afrika Mashariki Januari 2016, na mengi ya haya yanaweza kutazamwa leo Nairobi, Arusha au Kampala. Tufanye nini?

Kwanza, tukumbuke kwamba ni michezo ya watu wazima. Alama ya umri inayoonyeshwa mwanzoni haikuwekwa kwa urembo. Mtoto wa miaka 10 hawezi kutenganisha giza la Copenhagen na giza la uani kwenu, naye ndiye atakayeogopa kwenda msalani usiku.

Pili, ukitazama, tazama pamoja na mwenzako, kisha zungumzeni. Theis na Pernille walikaribia kupoteana kwa sababu ya kunyamaza. Swali moja dogo, kama vile "Wewe ungefanyaje?", laweza kufungua mazungumzo ambayo ndoa yenu imeyahitaji kwa muda mrefu.

Tatu, ikiwa una binti au kijana mkubwa anayezitazama, usimkemee tu. Keti naye sehemu moja. Mwulize kwa nini yule mwalimu alishukiwa haraka hivyo. Mwulize kama amewahi kuona mtu akipigwa mtaani kwa kusingiziwa. Utashangaa anavyojua mengi.

Mwisho, tusiwe watu wa kumlilia mama wa kwenye kioo huku mama wa jirani tumemsahau. Yuko mtaani kwako mwanamke aliyezika mtoto mwaka jana. Siku zile mlijaa kwake, mkapika, mkalala chini kwenye mikeka. Leo yuko peke yake jikoni na kikombe cha ziada ambacho hajui akiweke wapi. Yuko pia yule ambaye kelele za nyumbani kwake husikika usiku, na asubuhi sote hujifanya tulikuwa tumelala.

Mpelelezi wa Copenhagen alipewa siku 20 kwa ajili ya binti wa watu. Wewe na mimi, mama mwenzetu, tunaweza kumpa jirani alasiri moja ya juma hili. Bisha hodi, kaa naye, na umwache ataje jina la mwanawe.